UZI: Palmer, jina la ukoo la Kiingereza lililotoka kwenye tawi la mtende la mahujaji

Mzee wa Nasaba (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Mada ya majina ya Waingereza ikija humu, watu hutaja Smith kuwa ni mhunzi na Baker ni mwoka mikate, halafu mjadala unaishia hapo. Leo naomba tuchambue jina moja lenye safari ndefu ndani yake: Palmer.

Kwa ufupi, Palmer ni mtu aliyerudi kutoka Yerusalemu akiwa na tawi la mtende mkononi. Neno lilifika Uingereza na Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioiteka nchi hiyo 1066, ambao kwa Kifaransa chao walisema *palmer* au *paumer*. Chimbuko lake ni Kilatini *palmarius*, mwenye mtende, kutoka *palma*. Kwa hiyo kabla halijawa jina la ukoo lilikuwa neno la kawaida la kumtaja mtu kwa alichokifanya, kama sisi tunavyosema hujaji.

Wakati lilipoingia ni muhimu. Wapiganaji wa msalaba waliiteka Yerusalemu Julai 1099. Salahuddin akaichukua Oktoba 1187, kisha mapatano ya 1192 yakawaruhusu mahujaji wa Kikristo kuingia bila silaha. Ngome kubwa ya mwisho ya wapiganaji hao, Akka, ikaanguka Mei 1291. Karibu miaka 200 hiyo ndiyo ileile ambayo Waingereza walikuwa wakihama kutoka kuwa na jina moja tu kwenda kwenye majina ya ukoo. Wakubwa walianza baada ya 1066, watu wa kawaida wa kusini wengi wao walikuwa na majina ya kurithi kufikia 1350 hivi, na kaskazini walichelewa karne nzima zaidi. Lakabu yoyote iliyokuwa midomoni mwa watu kipindi hicho ilikuwa na nafasi ya kuganda. Hii iliganda, na leo Palmer ni kati ya majina ya kawaida kabisa England.

Lakini nasema mapema, kwa sababu watu wengi hupotea hapa: kuitwa Palmer leo hakuthibitishi kwamba babu yako alikanyaga Yerusalemu. Kunathibitisha kwamba kuna mtu, mahali fulani, majirani walimwita hivyo. Kati ya mambo hayo mawili kuna pengo, na ningependa uzi huu ukae kwenye pengo hilo.

Mwana wa Isimu

Uzi mzuri, mkuu. Naongeza upande wa lugha.

*Palma* kwa Kilatini kwanza ni kiganja cha mkono. Mti ukapewa jina hilo kwa sababu majani yake yanatawanyika kama vidole. Kwa hiyo mtu anayesema Palmer linahusu kiganja hajakosea kuhusu mzizi, ila kwa jina la ukoo maana iliyopita ni ya mti.

Halafu kuna hiyo L. Kwenye Kifaransa cha kale, L iliyotangulia konsonanti ililainika ikawa irabu, ndiyo maana *palmer* ikawa *paumer*. Waingereza walirudisha L kwenye maandishi lakini wengi hawaitamki hadi leo, hutamka kitu kama "Paama". Jambo hili linaonekana dogo, ila ndilo linalowakwamisha watafutaji wa nasaba. Karani wa parokia mwaka 1620 hakuwa na kamusi mezani, aliandika alichosikia. Utakuta Palmer, Palmere, Pallmer, Parmer, Pawmer na Paumer, mara nyingine ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wameandikwa namna mbili tofauti.

Ndugu zake kwenye lugha nyingine: Kiitaliano Palmieri, Kifaransa Paumier, Kihispania Palmero. Paumier inataka uangalifu kwa sababu Ufaransa neno hilohilo lilimtaja pia fundi wa mipira na mwenye kiwanja cha *jeu de paume*, ule mchezo wa kupiga mpira kwa kiganja uliozaa tenisi. Na Warusi hadi leo wanamwita hujaji yeyote *palomnik*. Ni mtende uleule, umefika kwenye nchi ya theluji ambako hakuna mtende hata mmoja.

Kijana wa Ngamiani

Swali kwa mleta uzi. Kwa nini tawi la mtende na si kitu kingine? Na lilifikaje England likiwa zima? Mwendo wa miezi huo.

Bi Ukindu

Hili naomba nilijibu mimi maana ni la mimea.

Mti wenyewe ni mtende huu wa tende. Biblia yetu inaiita Yeriko "mji wa mitende", Kumbukumbu la Torati 34:3, na Yeriko iko bondeni karibu na mto Yordani, ambako mahujaji walishuka kwenda kuoga. Halafu kuna Yohana 12:13, watu wakatwaa matawi ya mitende wakaenda kumlaki Yesu. Kwa hujaji, kubeba tawi lile kulikuwa ni kubeba kipande cha simulizi aliyokuwa akiisikia kanisani tangu utoto.

Kuhusu kudumu: kuti zima la mtende hufika mita 4 hadi 6, na halibebeki. Kinachobebeka ni kipande au ujani mmoja. Nao haufi kama jani la mwembe linalokauka, kupasuka na kubomoka. Aliyewahi kushika ukindu anajua. Mkindu ni ndugu wa damu wa mtende, jenasi moja. Ujani ukikauka hupoteza kijani, unakuwa na rangi ya majani makavu, lakini nyuzi zinabaki zimeshikana kwa urefu na unakunjika bila kukatika. Ndiyo maana mkeka unadumu. Ukiuweka pakavu, ujani huo unafika Norwich, huko England, bila shida. Adui wake ni unyevu, kwani ukilowana ukiwa umefungwa unaota ukungu na madoa meusi.

Na kuna jambo ambalo watu hawalitazami. England haina mitende. Kwenye Jumapili ya Matawi walitumia vitawi vya mti uitwao *willow*, vyenye vichipukizi vya manyoya, na wakaviita *palm* hivyohivyo. Kwa hiyo kijiji kizima kilijua neno *palm*, lakini mtende wenyewe hawajawahi kuuona. Mtu akija na ujani halisi wa mtende, hana haja ya kuapa, kwa sababu pale hakuna mti wa kuukata. Kilikuwa cheti chake.

Mzee wa Nasaba

Bi Ukindu, ahsante sana. Hiyo ya *willow* ndiyo inayofungua kila kitu.

Naongeza ushahidi wa wakati wenyewe. Mwanahistoria William wa Tyre, aliyeandika hukohuko Mashariki karne ya 12, anaeleza jinsi Philip, mtawala wa Flanders, alivyomaliza ibada zake Yerusalemu mwaka 1177, kisha akachukua mtende, jambo ambalo anasema kwao ndiyo alama ya hija iliyotimia. Angalia mpangilio: unasali, unazuru, halafu unachukua tawi. Tawi linakuja mwisho. Huyo si mtu anayeelekea Yerusalemu, ni mtu anayerudi. Akifika kwao, desturi ilikuwa kuliweka tawi kwenye altare ya kanisa lake.

Alhaji wa Mtaani

Hapa mimi naona hija yetu. Huitwi alhaji ukiwa uwanja wa ndege unaenda, unaitwa ukirudi.

Mzee wa Nasaba

Sawasawa kabisa, alhaji. Ni mantiki ileile.

Kijana wa Ngamiani

Sasa Palmer na Pilgrim tofauti yake nini? Nimesoma mahali kwamba *pilgrim* alikuwa na kwao na alijilipia, halafu *palmer* alikuwa fukara asiye na makazi anayezunguka maisha yake yote. Ni kweli?

Padre wa Maktaba

Ndugu, maelezo hayo yamenakiliwa kila mahali lakini yametoka kwa waandishi wa kuanzia mwisho wa karne ya 16, wakati hija zimeshapigwa marufuku England na hakuna hujaji aliyebaki wa kuulizwa. Walikuwa wakijaribu kufafanua mashairi ya Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, aliyetaja maneno yote mawili mwanzoni mwa kazi yake kuhusu safari ya Canterbury. Kama maelezo ya jina la ukoo hayafai. Mtu asiye na makazi wala watoto hana wa kumrithisha jina!

Mgawanyo wa kutegemewa anao Dante, mshairi wa Kiitaliano, ambaye mwishoni mwa karne ya 13 alipanga wasafiri wa Mungu mafungu matatu. *Palmieri* ni waliovuka bahari, kwa kuwa mara nyingi hurudi na mtende. *Peregrini* ni waendao Galicia, Hispania, kwa Mtakatifu Yakobo, yaani Santiago de Compostela. *Romei* ni waendao Roma. Kila fungu limezaa majina ya watu. Kutoka la tatu mna Romeo, na kwa Kihispania Romero. Shakespeare alilijua hilo: pale Romeo anapokutana na Juliet mara ya kwanza, wanachezea neno *palmer* kwa maana zote mbili, hujaji na kiganja, wakiwa wameshikana viganja.

Kila mahali palikuwa na alama yake. Santiago de Compostela ni ganda la kombe la baharini. Roma ni funguo za Petro. Canterbury, baada ya askofu mkuu wa hapo, Thomas Becket, kuuawa tarehe 29 Desemba 1170, walitoa vichupa vidogo vya bati na risasi vyenye maji yaliyosemekana kuchanganywa na damu yake, na beji zilizomiminwa kwenye kalibu za mawe. Beji hizo bado zinaopolewa kwenye matope ya mto Thames. Mtende ulikuwa wa Yerusalemu peke yake.

Pilgrim kama jina la ukoo ni habari nyingine kidogo. Linatoka Kilatini *peregrinus*, mgeni, mtu wa kutoka ng'ambo ya mashamba ya kwao. R mbili zilipokaribiana, moja ikageuka L, ikawa *pelegrinus*. Kwa Waingereza limezaa Pilgrim, Pegram, Pegrum na Peagram. Kwa Waitaliano ni Pellegrini na Pellegrino.

Msomi wa Mwembe

Na watu wa Mayflower, ile meli iliyowapeleka Waingereza Marekani 1620? Nilidhani akina Pilgrim wametokana nao.

Padre wa Maktaba

Hapana. Jina la ukoo Pilgrim lilikuwepo England karne nyingi kabla meli ile haijang'oa nanga. Wale wa 1620 walikuwa Waprotestanti waliozikataa kabisa ziara za mahali patakatifu. Neno hilo walilichukua kwenye Waebrania 11:13, "wageni, na wasafiri juu ya nchi", kiongozi wao William Bradford akalitumia kwenye kumbukumbu zake, na jumuiya ikaja kuitwa hivyo baadaye sana. Hawakuwa ukoo.

Tahadhari nyingine kwa wanaofuatilia nasaba za Ujerumani: kule Pilgrim lilikuwa pia jina la mtu la kale, lililoundwa kwa maneno ya Kijerumani na lisilohusiana na hija. Mji wa Passau huko Ujerumani ulikuwa na askofu wa jina hilo kuanzia 971 hadi 991. Kwa hiyo ukoo wa Pilgram au Bilgram unaweza kutokana na babu aliyeitwa hivyo tangu kuzaliwa.

Mama Kumbukumbu

Narudi kwenye pengo alilolitaja mleta uzi. Lakabu ya Palmer iliwezaje kumpata mtu?

Njia ya kwanza ni ya wazi: alikwenda, akarudi, watu wakamwita. Ilisaidia kwamba kijijini William walikuwa sita na John wanane. Msimamizi wa shamba la bwana anapoandika nani hajalipa kodi, lazima awatofautishe. William aliyekwenda Yerusalemu hahitaji maelezo zaidi.

Njia ya pili ni kwenda kwa niaba. Wasia nyingi za Kiingereza za zama hizo zinaacha fedha ili mtu atafutwe aende kuzuru kwa ajili ya roho ya marehemu. Waislamu humu mnaifahamu hija ya badali, kumhijia mtu aliyekufa au asiyejiweza. Yule anayetumwa si lazima awe tajiri, na hii inajibu wanaouliza mkulima wa kawaida alipata wapi nauli.

Njia ya tatu ni ya waongo, na walikuwepo. Hali ilifika mahali ambapo sheria ya mwaka 1388 ilimkataza mtumishi au kibarua kutoka eneo lake kwa kisingizio cha hija bila barua yenye muhuri. Mtu anayejifanya hujaji ili aombe chakula naye aliitwa *palmer* kama wengine.

Na ya nne ni ushirika. Mji wa Ludlow, mpakani mwa Wales, ulikuwa na chama kikubwa kilichojulikana kama Chama cha Mapalmer, kilichoanza karne ya 13 na kuvunjwa 1551. Wanachama walichanga fedha, na chama kiliajiri mapadre na kusaidia mwanachama aliyepatwa na hasara ya moto au kutekwa, hata kuchangia mahari ya binti asiye na uwezo. Kanisani St Laurence kuna dirisha la vioo vya rangi linaloonyesha hadithi yao: Mfalme Edward alimpa ombaomba pete, baadaye mahujaji wawili wa Ludlow wakakutana na mzee nchi takatifu akawarudishia pete hiyo, kumbe ni Yohana Mtakatifu. Wengi wa wanachama wale hawakuvuka hata bahari ya Ufaransa.

Alhaji wa Mtaani

Hii ni kweli hata kwetu. Pwani na Visiwani mtu anaitwa Haji tangu kuzaliwa, mara nyingi kwa sababu kazaliwa Mfunguo Tatu, mwezi wa hija. Mjukuu wake akija kusema "babu yetu alihiji kwa kuwa aliitwa Haji", kakosea. Haji jina na Alhaji cheo ni vitu viwili. Mzee Ali Hassan Mwinyi aliitwa Alhaj kwa cheo. Uandishi wenyewe unakuonyesha ukiangalia neno limekaa wapi: cheo kinatangulia jina, jina linakaa kwenye mstari wa majina.

Mama Kumbukumbu

Umegusa penyewe. Kwenye hati za England kipimo ni kilekile, nacho ni kile kineno kidogo *le*. Ukikuta "Willelmus le Paumer", au kwa Kilatini "Willelmus Palmarius", hiyo bado ni sifa ya William mwenyewe. Usiseme ukoo. Tafuta mtoto wake. Mwana akiandikwa "Johannes filius Willelmi le Paumer", lakabu bado ni ya baba. Akiandikwa "Johannes Palmer" na yeye ni mkulima asiyetoka kijijini, hapo jina limeanza kurithiwa. Vizazi viwili mfululizo ndicho kiwango cha chini cha kuamini.

Kijana wa Ngamiani

Mtu akitaka kufuatilia ukoo wa Palmer hadi huko, anaanzia wapi hasa?

Mama Kumbukumbu

Anaanza leo na kurudi nyuma, hatua moja kwa wakati. Anayeanza na babu wa 1300 na kushuka anatunga hadithi.

Usajili wa serikali England na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Kwa kipindi hicho tumia faharisi ya mtandaoni ya GRO yenyewe, Ofisi Kuu ya Usajili, kwa sababu imeingiza jina la ukoo la mama wa mtoto tangu 1837. Faharisi za zamani zilizochapwa zina jina hilo kuanzia robo ya Septemba 1911 tu. Kwa jina la kawaida kama Palmer tofauti hii ni ya maisha na kifo. Ukiwa na John Palmer wanne waliozaliwa wilaya moja mwaka mmoja, jina la mama ndilo linalokutolea mmoja.

Sensa zenye majina zinaanza 1841, kila miaka 10. Ile ya 1841 ina mtego: umri wa watu wazima ulitakiwa kushushwa hadi kizidisho cha 5, hivyo "30" inaweza kuwa 34. Kuanzia 1851 umri ni kamili na parokia ya kuzaliwa imeandikwa. Hiyo parokia ndiyo daraja lako kwenda nyuma.

Madaftari ya parokia yaliamriwa mwaka 1538, na nakala za kupelekwa kwa askofu mwaka 1598. Parokia nyingi zimepoteza miaka ya mwanzo, na kati ya 1642 na 1660, wakati wa vita na utawala uliofuata, kuna mapengo makubwa. Daftari likiwa limeliwa na panya, kaulizie nakala ya askofu.

Mtego wa tarehe: hadi 1751 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Mtoto aliyebatizwa 10 Februari 1710 kwa maandishi ya padre, kwa kalenda yetu ni Februari 1711. Andika 1710/11. Usipofanya hivyo utapata mtoto aliyebatizwa miezi 3 kabla ya ndoa ya wazazi, utadhani kuna aibu, kumbe harusi ilifungwa Mei 1710 na kila kitu kiko sawa.

Kabla ya 1538 unategemea wasia, rekodi za mahakama za mashamba ya mabwana, na orodha za kodi. Kodi ya kichwa ya 1377 ilitoza peni 4 kila mtu wa kuanzia miaka 14, isipokuwa ombaomba, kwa hiyo imekamata watu wadogo ambao hati nyingine haziwataji. Familia nyingi zinakwama kabla ya kufika huko, na hakuna ubaya.

Fundi wa Data

Naongezea kwenye utafutaji wa kompyuta maana hapa ndipo watu wanapoteza wiki nzima. Tovuti nyingi zina chaguo la "majina yanayofanana kimatamshi" linalotumia mfumo wa Soundex. Mfumo huo unashika herufi ya kwanza, unaacha irabu, na kugeuza konsonanti kuwa namba. Tazama:

Palmer ni P456.
Parmer ni P656.
Paumer na Pawmer ni P560.

Namba tatu tofauti kwa jina moja! L ni 4, R ni 6, na pale L ilipogeuka irabu hakuna kitu kabisa. Kwa hiyo ukiweka Palmer na kuchagua kufanana kimatamshi, Parmer na Pawmer hawatakuja, na utaamini hawapo. Tumia nyota badala yake, ambayo husimama mahali pa herufi zozote: PA*M*R*. Hiyo inakamata zote. Itakuletea na takataka kidogo, ila takataka utazichambua kwa macho.

Na kwa wenzetu wa Afrika Mashariki: msichanganye Parmer na Parmar. Parmar ni jina la Kihindi, wamo wengi kwenye jamii za Kigujarati Kenya, Uganda na Tanzania, na wengine wamehamia Leicester na London. Chimbuko lake ni ukoo wa Paramara wa Rajput. Kwa Soundex Parmar nayo ni P656, sawa na Parmer, hivyo kwenye kumbukumbu za Uingereza za baada ya 1960 kompyuta itawaweka kapu moja. Angalia jina la kwanza na la mama kabla ya kuunganisha.

Mwana wa Isimu

Kuna na Palmér wa Sweden, yenye alama juu ya E. Hilo ni jina la kujipamba: *palm* na kiambishi tu, kama walivyochagua Wasweden wengi wakati wa kuchukua majina ya ukoo. Halina hujaji. Familia ikivuka kwenda Marekani alama inadondoka, linabaki Palmer, na kizazi cha tatu kinaanza kuutafuta msalaba usiokuwepo.

Msomi wa Mwembe

Vipimo vya DNA havimalizi ubishi?

Mama Kumbukumbu

Vinajibu swali jingine. Lakabu hii iliwapata watu wasio na undugu katika vijiji vingi, kwa hiyo hakuna babu mmoja wa akina Palmer wote. Kipimo cha kromosomu Y, kinachopita baba kwa mwana, kinaweza kukuambia kama Palmer wa Somerset na Palmer wa Norfolk wana babu mmoja wa upande wa baba. Chukua kipimo cha alama 37 au zaidi, yaani sehemu za kromosomu zinazolinganishwa, maana 12 hazitoshi kutofautisha. Lakini hakuna alama ya Yerusalemu kwenye damu.

Padre wa Maktaba

Kabla hatujaondoka hija, kuna jina moja la jirani ambalo watu hawalidhanii: Jordan. Mahujaji walirudi na maji ya mto Yordani kwenye chupa kwa ajili ya kubatizia watoto, na watoto wakapewa jina la mto. Likawa jina la kwanza la kawaida England kuanzia karne ya 12, kisha la ukoo. Kifupi chake kilikuwa Judd, ndimo walimotoka Judson na Judkins. Wagiriki wamefanya jambo linalokaribiana: Mkristo aliyezuru Yerusalemu na kuoga Yordani aliongezewa *Hatzi* mbele ya jina, na koo nyingi za Ugiriki na Kupro zinaanza hivyo hadi leo. Neno lenyewe ni haji letu hili, limepitia kwa Waturuki.

Alhaji wa Mtaani

Subhanallah. Mkristo anaitwa haji kwa kwenda Yerusalemu. Hilo sikulitegemea.

Bi Ukindu

Na mimi naleta mdudu. Kuna kiwavi mwenye manyoya ambaye Waingereza walimwita *palmer* kwa sababu hana kikao, anazunguka tu anakula kila jani. Watafsiri wa Biblia ya Kiingereza ya 1611 wakamtia kwenye Yoeli 1:4. Kwenye Biblia yetu mahali pake yupo tunutu: yaliyosazwa na tunutu yameliwa na nzige.

Fundi wa Data

Huyo kiwavi yuko hai kwa wavuvi wa samaki aina ya trauti, Bi Ukindu. Wana chambo cha bandia kiitwacho *palmer* kinachomuiga. Unafunga uzi au sufu kwenye shina la ndoana, halafu unachukua unyoya mmoja mrefu wa shingo ya jogoo na kuuzungusha kando ya mwili wote, mizunguko 5 au 6 yenye nafasi sawa, ili nyuzi zake zisimame kama manyoya ya kiwavi. Juu yake unapitisha waya mwembamba kwa mzunguko wa upande wa pili. Waya ukifuata njia ileile ya unyoya unazama pembeni yake na haushiki kitu. Ukikatiza, unaubana uti wa unyoya kila unapokutana nao, na meno ya samaki yakiukata sehemu moja, sehemu nyingine zinabaki zimefungwa.

Mzee wa Nasaba

Nimeandika yote. Mwenye hati yenye "le Paumer" au "Palmarius" asiyeweza kuisoma, aweke hapa nakala iliyo wazi, mstari mzima pamoja na wa juu na wa chini yake, tuisome pamoja.